Kufasiri Mfumo Endeshi kwa Prosesa Mbalimbali: Uchambuzi wa Kiisimu na Pendekezo la Istilahi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza jinsi mfumo endeshi mmoja wa kompyuta unavyoandaliwa ili utumike katika prosesa za aina mbalimbali, na yanaulinganisha mchakato huo na kazi ya tafsiri katika jamii yenye lugha nyingi. Hoja kuu ni kwamba msimbo huhamishika kwa kiasi kile tu ambacho mtunzi wake amejizuia kudhani kwamba mashine yake ndiyo mashine ya wote; na maandishi ya programu hutafsirika kwa kiasi kile tu ambacho mtunzi wake amejizuia kudhani kwamba lugha yake ndiyo lugha ya wote. Mwishoni yanapendekezwa maneno ya Kiswahili yatakayozitenganisha dhana ambazo hadi sasa huchanganywa.

1.0 UTANGULIZI

Buhemba ni kata iliyomo katika wilaya ya Butiama, mkoani Mara. Dhahabu ilianza kuchimbwa huko tangu enzi za ukoloni, na machimbo huvuta watu wa asili nyingi. Mkoa wenyewe ni wa lugha nyingi: Kizanaki, Kiikizu, Kijita na Kikurya ni baadhi tu ya lugha zake za Kibantu, na Kiluo ni lugha ya Kiniloti. Penye soko, zahanati au mkutano wa kijiji, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wasemaji wa lugha hizo.

Na tuchukue mfano wa mwalimu wa shule katika mazingira ya namna hiyo. Mfukoni ana simu ya Android. Juu ya meza ya ofisi ipo kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux. Vyombo hivi viwili vina undugu ambao hauonekani kwa macho, kwani kiini cha Android ni kile kile cha Linux. Hata hivyo, mwalimu akiichukua programu iliyo tayari katika kompyuta na kuinakili katika simu, haitafanya kazi. Akinakili barua aliyoiandika kwa Kiswahili, itasomeka kote kuwili bila tatizo. Kwa nini barua ivuke na programu isivuke, ilhali zote mbili ni maandishi yaliyohifadhiwa kwa tarakimu?

Jibu la swali hili lina manufaa mawili kwa mwanaisimu. Kwanza, linaonyesha kwamba matatizo ya wahandisi wa programu yanafanana sana na yale ambayo nadharia ya tafsiri imeyashughulikia kwa muda mrefu. Pili, linaweka wazi udhaifu wa baadhi ya maneno ambayo huenda yakateuliwa kuieleza taaluma hii kwa Kiswahili.

2.0 MSIMBO ASILI NA LUGHA YA MASHINE

Prosesa ni kile kipande cha kompyuta kinachotekeleza amri. Kila jamii ya prosesa ina seti yake ya amri, nayo seti hiyo ndiyo lugha pekee ambayo prosesa inaielewa. Katika kompyuta za mezani na za mapajani, jamii iliyoenea kwa muda mrefu ni ile iliyotokana na prosesa za Intel, hususan 386 iliyotolewa mwaka 1985. Katika simu, jamii iliyotawala ni ARM, ambayo chimbuko lake ni kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, mwaka huo huo wa 1985. Jamii changa zaidi ni RISC-V, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010.

Tofauti za lugha hizi si za msamiati tu. Ni za sarufi pia. Katika jamii ya Intel, urefu wa amri hubadilika, kuanzia baiti 1 hadi 15. Katika ARM ya biti 64, kila amri ina urefu wa baiti 4, bila kuzidi wala kupungua. Rejista, yaani vyumba vidogo ambamo prosesa huweka kile inachokifanyia kazi kwa wakati huo, ni 8 za matumizi ya jumla katika 386, ni 16 katika mrithi wake wa biti 64 kwa muda mrefu wa historia yake, na ni 31 katika ARM ya biti 64. Sentensi iliyo sahihi katika lugha moja haina maana yoyote katika nyingine.

Watunzi wa programu hawaandiki kwa lugha hizo isipokuwa pale wanapolazimika. Huandika msimbo asili kwa lugha ya kati ya binadamu na mashine, kama vile C, kisha programu maalumu huugeuza msimbo huo kuwa lugha ya prosesa inayokusudiwa. Hapo ndipo jibu la swali la mwalimu linapoanza kupatikana. Barua yake imeandikwa kwa mpango wa herufi ambao vyombo vyote viwili vimekubaliana. Programu, kwa upande wake, iliyomo katika kompyuta si matini asilia bali ni tafsiri yake kwa lugha ya Intel. Simu ya ARM inapopewa tafsiri hiyo ni sawa na msomaji wa Kiluo kupewa kitabu cha Kijita. Kinachotakiwa si kuibadili tafsiri ile, bali kuirudia matini asilia na kuifasiri upya.

3.0 KUTOKA MASHINE MOJA HADI MASHINE NYINGI

Hapo awali mifumo endeshi ilitungwa kwa lugha ya mashine fulani, ikazaliwa na kufa pamoja na mashine hiyo. Mfumo wa Unix ulianza hivyo katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, ambapo Ken Thompson na Dennis Ritchie waliutunga kwa kompyuta ya PDP-7 na baadaye PDP-11. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1973, Unix ilipoandikwa upya kwa lugha ya C iliyobuniwa na Ritchie. Kuanzia hapo, sehemu kubwa ya mfumo haikufungwa tena na mashine moja.

Hata hivyo, kuandikwa kwa lugha inayohamishika hakukutosha kuufanya mfumo uhamishike. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1977, Unix ilipoanza kuhamishiwa katika kompyuta za Interdata, kazi iliyofanywa katika maabara za Bell na, kwa njia ya pekee, katika Chuo Kikuu cha Wollongong nchini Australia. Wahamishaji walikuta kwamba msimbo uliodhaniwa kuwa wa jumla ulikuwa umejaa mazoea ya PDP-11. Mazoea hayo ilibidi yasakwe moja moja na kuondolewa.

Historia hiyo ilijirudia kwa Linux. Linus Torvalds alipoutangaza mfumo wake mwaka 1991, alieleza waziwazi kwamba haukuwa wa kuhamishika, kwa kuwa ulitumia uwezo maalumu wa prosesa ya 386. Miaka michache baadaye mfumo ulipanuliwa, na toleo la 1.2 la mwaka 1995 lilikuwa tayari linazitambua prosesa za Alpha, SPARC na MIPS pamoja na za Intel. Mbinu iliyotumika ingali inatumika: mambo yanayohusu prosesa moja moja yametengwa katika saraka yake, iitwayo arch, na mambo ya wote yamewekwa nje ya saraka hiyo. Ni mgawanyo ambao mwanaisimu anaufahamu. Mofimu moja yaweza kuwa na alomofu kadhaa kulingana na mazingira. Mchanganuzi makini huandika kanuni ya jumla mahali pamoja na kuorodhesha alomofu mahali pengine.

4.0 LUGHA YA KATI

Kama lugha za utunzi ni 5 na jamii za prosesa ni 6, kuandika kigeuzi cha kila jozi kungehitaji vigeuzi 30. Kila ijapo prosesa mpya, vigeuzi vingine 5 vingehitajika. Tatizo hili lilitambuliwa tangu miaka ya 1950, na suluhisho lililopendekezwa ni kuwa na lugha ya kati. Msimbo asili hugeuzwa kwanza kuwa lugha hiyo ya kati, kisha kutoka hapo hugeuzwa kuwa lugha ya prosesa. Kwa njia hii zinahitajika sehemu 5 za mbele na sehemu 6 za nyuma, jumla 11 badala ya 30. Prosesa mpya ijapo, huongezwa sehemu moja tu. Ndivyo ilivyojengwa GCC, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka 1987, na ndivyo ilivyojengwa LLVM, mradi ulioanza katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000.

Mkazi wa Mara hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Wasemaji wa Kizanaki, Kiikizu, Kijita, Kikurya na Kiluo wakitaka kila mmoja kusema na mwenziwe kwa lugha ya mwenziwe, kutakuwa na njia 20 za kutafsiri. Kila mmoja akijua njia ya kwenda na kutoka Kiswahili, njia ni 10. Akija msemaji wa lugha ya sita, njia ya kwanza itadai nyongeza ya 10, na ya pili nyongeza ya 2. Kiswahili katika soko la namna hiyo kinafanya kazi ile ile inayofanywa na lugha ya kati ndani ya GCC.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alizitafsiri kwa Kiswahili, na kwa tafsiri moja moja akawafikia wasomaji wa lugha nyingi za nyumbani. Mfano huu, hata hivyo, unaonyesha pia mpaka wa ulinganisho wenyewe. Neno mabepari katika anwani ya tamthilia ya pili ni uamuzi wa mfasiri: wafanyabiashara wa Shakespeare wamepewa jina lenye uzito wa kisiasa wa Tanzania ya wakati ule. Mfasiri wa fasihi anayo ruhusa hiyo. Programu inayofasiri msimbo haina. Inaweza kupanga upya amri, kuziunganisha au kuziondoa zisizo na kazi, lakini matokeo yanayoonekana hayana budi kuwa yale yaliyokusudiwa na msimbo asili.

5.0 UFASIRI MTAMBUKA

Kwa kawaida programu hufasiriwa katika mashine ile ile itakamotumika. Lakini ziko hali mbili ambazo hilo haliwezekani. Ya kwanza ni pale mashine lengwa inapokuwa dhaifu mno, kwa mfano kifaa kidogo chenye kumbukumbu haba. Ya pili ni pale prosesa inapokuwa mpya kabisa: hakuna bado programu yoyote inayoendeshwa juu yake, ikiwemo ile ya kufasiria. Hapo msimbo hufasiriwa katika mashine ya jamii moja ili utumike katika mashine ya jamii nyingine. Mchakato huu makala yanauita ufasiri mtambuka.

Kwa kiini cha Linux, anayetumia kompyuta ya Intel na anataka kiini cha ARM ya biti 64 hutoa amri ya namna hii:

make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-

Sehemu ya kwanza ya amri huita programu ya ujenzi. Ya pili huteua saraka ya prosesa lengwa ndani ya arch. Ya tatu hutaja familia ya zana zitakazotoa lugha ya ARM ilhali zenyewe zinaendeshwa kwenye Intel. Zana hizo hazina budi kuandamana na maktaba za prosesa lengwa pindi zinapofasiriwa programu za kawaida, kwani programu iliyofasiriwa kwa ARM haiwezi kuunganishwa na maktaba iliyofasiriwa kwa Intel.

Kosa la kawaida katika kazi hii ni la kiisimu kwa asili yake. Programu nyingi, kabla ya kufasiriwa, huichunguza mashine ili kujua sifa zake: je, namba nzima ina ukubwa gani, na baiti hupangwaje? Uchunguzi ukifanywa kwa kuendesha jaribio, jaribio hilo litaijibu mashine ya mfasiri, si mashine ya msomaji. Ni sawa na mtu anayetafsiri kwa Kikurya akiwa Dar es Salaam, akawa anapima usahihi wa sentensi kwa sikio lake mwenyewe badala ya kumuuliza msemaji wa Kikurya.

6.0 DHANA ZILIZOFICHIKA

Ugumu wa kuhamisha mfumo endeshi haumo katika yale yaliyoandikwa, bali katika yale yaliyodhaniwa. Yafuatayo ni makundi matatu ya dhana hizo.

6.1 Mpangilio wa baiti

Namba kubwa huhifadhiwa kwa baiti kadhaa. Je, ianze baiti yenye thamani kubwa au yenye thamani ndogo? Kiswahili kinatoa mfano mwafaka. Neno ishirini limetoka katika Kiarabu, lakini mpangilio haukukopwa pamoja nalo. Mwarabu akitaja 25 hutanguliza tano kisha ishirini; Mswahili hutanguliza ishirini kisha tano. Thamani ni ile ile. Mfuatano ni tofauti. Prosesa za Intel hutanguliza baiti ndogo, ilhali Interdata na SPARC zilitanguliza kubwa. Kati ya wataalamu wa Unix limebaki jina la mzaha la tatizo hili, NUXI, kwa kuwa neno UNIX likihifadhiwa kwa jozi za baiti na kusomwa kwa mpangilio wa kinyume hutoka hivyo.

6.2 Ukubwa

Msimbo wa zamani ulidhani mara nyingi kwamba anwani ya kumbukumbu na namba nzima vina ukubwa mmoja. Katika mashine nyingi za biti 32 dhana hiyo ilikuwa kweli, hivyo kosa halikuonekana. Katika biti 64, anwani iliyotiwa katika nafasi ya biti 32 hupoteza nusu yake ya juu, na programu huvunjika. Kikurya kina irabu 7. Anayekiandika kwa irabu 5 za Kiswahili hulazimika kutia sauti 2 tofauti katika herufi moja. Tofauti ya maana hupotea, na mwandishi huenda asitambue, kwa kuwa yeye anajua alikusudia nini. Hasara humpata msomaji.

6.3 Upatanisho wa kisarufi

Kundi la tatu halihusu prosesa bali lugha, nalo ndilo linaloonyesha kwamba tatizo ni moja. Mtunzi anayefikiri kwa Kiingereza huweza kuandika ujumbe mmoja wenye pengo la nomino na kitenzi kisichobadilika, akidhani kwamba nomino yoyote itakaa katika pengo hilo. Kwa Kiswahili haiwezekani:

Picha imefutwa.
Kabrasha limefutwa.
Kiungo kimefutwa.
Ujumbe umefutwa.

Nomino 4 zimedai viambishi 4 vya upatanisho. Mtafsiri aliyepewa kitenzi peke yake, bila nomino, hana njia ya kuteua kiambishi. Atakimbilia ujanja, kama kuandika "Kilichofutwa:" kisha jina la kitu, akiutegemea upatanisho wa ki- unaorejelea kitu chochote. Ujanja huo unafaa, lakini ni ushahidi kwamba msimbo ulibeba dhana ya Kiingereza. Suala la idadi limeshughulikiwa vyema zaidi: zana za kutafsiria programu huruhusu kila lugha kutaja maumbo yake, na Kiswahili hutaja mawili, kama katika "Faili 1 limefutwa" na "Mafaili 5 yamefutwa". Suala la ngeli, kwa kawaida, limeachwa kwa busara ya mtunzi.

Kinachoziunganisha dhana hizi tatu ni kwamba hazionekani nyumbani. Mtunzi wa PDP-11 hakuona kasoro yoyote katika PDP-11, wala mtunzi wa Kiingereza haoni kasoro yoyote katika Kiingereza. Kasoro hudhihirika msimbo unaposafiri.

7.0 TAFSIRI YA KISWAHILI NA HATIMA YA MASHINE

Kazi ya kuipa kompyuta Kiswahili imekwisha kufanywa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice chini ya mradi wa Kilinux. Muongo huo huo kampuni ya Microsoft nayo ilitoa maandishi ya Kiswahili kwa bidhaa zake. Swali la kujiuliza ni hili: je, kazi hiyo hulazimika kurudiwa kila prosesa inapobadilika?

Jibu ni hapana, na sababu yake inafaa kuelezwa. Katika programu nyingi huria, maandishi anayoyaona mtumiaji hayamo ndani ya msimbo uliofasiriwa. Yamewekwa katika faili la pembeni lenye jozi za maandishi: ya Kiingereza na ya Kiswahili. Faili hilo hugeuzwa kuwa umbo fupi ambalo programu hulisoma wakati wa kazi. Katika zana za gettext za mradi wa GNU, umbo hilo huanza na namba 950412de katika hesabu ya kumi na sita. Programu ikiisoma ikaona de120495, hutambua kwamba faili liliandikwa kwa mpangilio wa kinyume wa baiti, nayo hugeuza namba zinazofuata. Faili moja la Kiswahili hutumika hivyo katika prosesa ya kila jamii. Mfumo wa Debian hufuata mantiki hiyo katika ugavi wake: vifurushi vya programu zilizofasiriwa hutolewa kimoja kwa kila prosesa, bali vile vyenye maandishi matupu ya lugha hutolewa kimoja kwa zote, na hupewa alama isemayo hivyo.

Kwa hiyo kazi ya mtafsiri wa Kiswahili hudumu kuliko mashine aliyoifanyia. Lakini kudumu huko kuna sharti. Mwezi Agosti 2025 Debian ilitoa toleo lake la 13. Toleo hilo lilipokea RISC-V ya biti 64 kwa mara ya kwanza kama prosesa rasmi. Wakati huo huo liliacha kutoa kiini na kisakinishi kwa kompyuta za Intel za biti 32. Kabla ya hapo, mwaka 2013, kiini cha Linux chenyewe kilikuwa kimeiacha prosesa ya 386 ambayo ndiyo iliyokizaa. Maandishi ya Kiswahili yamevuka na kuingia RISC-V bila jasho. Kompyuta kuukuu iliyo juu ya meza ya mwalimu wa mfano wetu imebaki nje ya mlango, si kwa sababu haina Kiswahili, bali kwa sababu Debian haiifasirii tena kiini kipya.

Hasara hiyo si ya lazima. Msimbo asili ukiwa wazi, mtu mwenye ujuzi anaweza kuufasiri kwa ajili ya mashine zilizoachwa, kwa kadiri msimbo unavyozitambua bado. Msimbo ukiwa umefungwa, uamuzi wa mwenye msimbo ndio wa mwisho. Shule isiyo na fedha za kununua kompyuta mpya inahusika na tofauti hiyo moja kwa moja. Ujuzi wa kufasiri, na maneno ya kuufundishia kwa lugha ambayo mwanafunzi anaielewa, ni sehemu ya jibu.

8.0 PENDEKEZO LA ISTILAHI

Neno la Kiingereza "compile" hutafsiriwa katika matumizi ya kawaida kuwa kukusanya. Kwa takwimu au kamusi, tafsiri hiyo ni sahihi. Kwa kompyuta inapotosha, na historia inaeleza sababu. Grace Hopper alipoandika programu yake ya A-0 mwaka 1952, programu hiyo kwa hakika ilikusanya: ilichukua vijiprogramu vilivyokwisha kutungwa na kuviunganisha pamoja. Jina lilifaa wakati huo. Kufikia mwaka 1957, John Backus na wenzake wa IBM walipotoa FORTRAN, kazi ilikuwa imekwisha kuwa ya kugeuza lugha moja kuwa nyingine, lakini jina la zamani likabaki. Kiswahili kikisema kukusanya, kitakuwa kinakopa historia ya neno la Kiingereza badala ya kueleza jambo lenyewe. Aidha, hatua ya mwisho ya ujenzi wa programu, ambapo vipande huunganishwa na maktaba, ndiyo inayokaribia ukusanyaji. Mwanafunzi atazichanganya hatua hizi mbili.

Utohozi, yaani kukompaili, unasikika katika mazungumzo ya wanafunzi wa kompyuta na hauna kosa. Una sifa ya kufahamika kimataifa. Upungufu wake ni kwamba haumfunulii mwanafunzi chochote kuhusu jambo linalotajwa.

Kiswahili kinacho tayari kipambanuzi ambacho Kiingereza cha kompyuta kimelazimika kukieleza kwa maneno mengi. Mfasiri hufanya kazi juu ya matini iliyoandikwa, kabla msomaji hajaifikia, na akimaliza huondoka. Mkalimani husimama kati ya wasemaji wawili na kugeuza sentensi baada ya sentensi wakati mazungumzo yanaendelea. Akiondoka, mazungumzo hukatika. Hizo ndizo njia mbili za kuendesha msimbo: kuugeuza wote kabla, au kuugeuza hatua kwa hatua wakati wa kazi. Yanapendekezwa, basi, maneno yafuatayo:

(a) kufasiri: kugeuza msimbo asili wote kuwa lugha ya prosesa kabla ya kutumika, programu ya kazi hiyo ni kifasiri.
(b) kukalimani: kugeuza na kutekeleza msimbo hatua kwa hatua, programu ya kazi hiyo ni kikalimani.
(c) kutafsiri: kuhamisha maandishi ya mtumiaji kutoka lugha moja ya binadamu hadi nyingine.
(d) prosesa lengwa: prosesa itakayoendesha matokeo ya ufasiri, kwa kufuata lugha lengwa ya nadharia ya tafsiri.
(e) ufasiri mtambuka: kufasiri katika mashine ya jamii moja kwa ajili ya jamii nyingine.
(f) uhamishaji: kurekebisha msimbo asili ili uondokewe na dhana za prosesa ya awali.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba fasiri na tafsiri hutumika kwa maana zinazokaribiana, na kuzitenga ni kulazimisha. Ni kweli kwamba zinakaribiana. Lakini kutenga visawe kwa kazi maalumu ni njia ya kawaida ya kuunda istilahi, na haizuii matumizi ya kila siku. Ya pili ni kwamba kiambishi ki- huashiria udogo au dharau. Katika kifasiri hofu hiyo haina msingi, kwani ki- ya ala imezoeleka, kama katika kipimo. Katika kikalimani hoja ina nguvu zaidi, kwa kuwa neno limejengwa juu ya jina la mtu. Ikionekana kuwa wasemaji wanalikataa, programu kalimani litatosha. Vivyo hivyo, kitenzi kukalimani huenda kikahitaji muda kabla ya kuzoeleka.

9.0 HITIMISHO

Makala yameonyesha kwamba kufasiri mfumo endeshi kwa prosesa mbalimbali kunategemea mambo matatu: lugha ya kati inayopunguza idadi ya njia, mgawanyo wa wazi kati ya yale ya wote na yale ya mmoja mmoja, na uangalifu wa mtunzi dhidi ya mazoea ya nyumbani kwake. Imedhihirika pia kwamba tafsiri ya Kiswahili ya programu hufanywa mara moja, bali ufasiri kwa prosesa hauna budi kufanywa kwa kila jamii ya mashine na kurudiwa kwa kila toleo. Ya kwanza bila ya pili humwachia mtumiaji maneno asiyokuwa na mashine ya kuyasomea.

Wanaistilahi wanaombwa wayapime maneno yaliyopendekezwa kwa kuyatumia darasani, hasa pale ambapo wanafunzi wamekulia katika lugha nyingi. Mwanafunzi wa Buhemba ambaye amekuwa akimkalimania bibi yake zahanatini anaijua tayari tofauti kati ya mkalimani na mfasiri. Kazi iliyobaki kwa mwalimu ni kumwonyesha kwamba ndani ya simu yake tofauti hiyo hiyo inaendelea.